Profesa J. L. B. Smith, Mvuvi wa Ndoana

Wanafunzi wengi wa shule hii wanaotoka Msimbati, Msangamkuu, Mikindani na vijiji vilivyo karibu na mlango wa Ruvuma walishika mshipi kabla ya kushika kalamu. Wanajua chubwi la uzito gani hufaa maji yanapokwenda kwa nguvu, na wanajua tofauti ya mdonoo wa changu na mvuto wa chewa hata gizani. Elimu hiyo haimo katika mitihani, na kwa sababu hiyo wako wanaoidharau. Mtu ambaye maisha yake nataka kuyaeleza hapa hakuidharau. Alikuwa mwalimu wa kemia katika chuo kikuu, lakini ndoana ndiyo iliyompa jina duniani. Jina lake ni James Leonard Brierley Smith, na watu wa elimu humwita kwa herufi zake za mwanzo, J. L. B.

Alizaliwa tarehe 26 Septemba, 1897, katika mji wa Graaff-Reinet, jimbo la Rasi, Afrika ya Kusini. Baba yake alikuwa mkuu wa posta. Graaff-Reinet ni mji wa bara, mahali pakavu, penye kondoo wengi kuliko samaki. Lakini mtoto huyo alipopelekwa pwani alipenda bahari na kuvua, na mapenzi hayo hayakumtoka tena. Darasani alikuwa hodari sana. Alisoma Stellenbosch, akachukua elimu ya kemia, na baadaye akavuka bahari kwenda Cambridge, Uingereza, alikopata shahada ya udaktari katika mwaka wa 1922. Mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kurudi kwao, akifundisha kemia katika chuo cha Rhodes, mjini Grahamstown.

Kabla ya Cambridge, hata hivyo, palikuwa na vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza kijana Smith alijiunga na jeshi akaletwa huku kwetu, Afrika ya Mashariki, kupigana na Wajerumani. Wazee wa Newala na Masasi walisimuliwa habari za vita hiyo na baba zao: jinsi watu walivyokamatwa kuwa wapagazi, jinsi chakula kilivyochukuliwa maghalani, jinsi watu walivyouana Mahiwa mwezi wa Oktoba, 1917, na jinsi Jenerali Lettow-Vorbeck alivyovuka Ruvuma mwezi uliofuata. Smith hakuumizwa na risasi. Aliumizwa na malaria, na kuhara damu, na homa kali ya baridi yabisi iliyoingia katika viungo vyake. Alirudi kwao yu hai, lakini afya yake ilikuwa imeharibika, wala haikurudi kamwe kuwa kama zamani. Tangu hapo mpaka mwisho wa maisha yake alikuwa mtu mwembamba, mwenye kula kwa kiasi na kutembea kwa miguu maili nyingi, akiulinda mwili wake kama mtu alindavyo mtumbwi wenye ufa.

Dawa yake ilikuwa hewa ya bahari. Kila likizo alikwenda pwani, hasa Knysna, penye hori kubwa linalofunguka baharini kati ya majabali mawili, akavua. Watu wengi huvua ili wale au wapumzike. Smith alivua, kisha akauliza. Kila samaki aliyemtoa majini alitaka kumjua jina lake, jamaa zake, chakula chake, na sababu ya kuwapo mahali pale wakati ule.

Hapa yafaa nieleze kidogo jambo la chambo, maana asiyelijua hataelewa kwa nini mvuvi wa ndoana huweza kuwa mwalimu mzuri wa elimu ya samaki. Chambo ni cha namna mbili. Kiko chambo cha kweli, yaani kipande cha ngisi, dagaa au kamba, ambacho huita samaki kwa harufu. Na kiko chambo cha uongo: unyoya mweupe uliofungwa juu ya ndoana, kitambaa, au kipande cha bati king'aacho. Chambo cha uongo hakina harufu wala ladha. Humdanganya samaki kwa mwendo tu. Mvuvi wa kwetu anaporambaza nyuma ya dau lenye tanga, nguru au kolekole huona kitu cheupe kinachokimbia, na kwa kuwa yeye ni mwindaji anayewinda kwa macho, hukirukia kabla hakijamponyoka. Changu wa mwambani hawezi kudanganywa hivyo kwa urahisi, kwa maana yeye hutafuta chakula chake chini, polepole. Basi mtu anayejua ni chambo gani kimemshika samaki gani, tayari amekwisha kujua nusu ya maisha ya samaki yule.

Majira nayo yana sheria yake. Mwili wa samaki karibu wote hufuata joto la maji. Maji yakipoa, samaki hula kidogo na mwendo wake hulegea. (Jodari ni mmoja wa wachache wasiofuata kanuni hii, kwani huweza kuhifadhi joto ndani ya mwili wake, ndiyo maana ana nguvu za ajabu.) Kwa hiyo wavuvi wa nchi za baridi, wakati wa majira yao ya baridi, huburuta chambo cha uongo taratibu sana karibu na chini, kumpa samaki mzito nafasi ya kukifikia. Katika miezi ya kusi, wakati sisi tunapojifunika shuka kwa kipupwe, pwani ya Natal huona jambo jingine: dagaa wakubwa hutoka kusini kwa makundi makubwa mno kufuata maji ya baridi, na nyuma yao huja samaki wawindaji. Wavuvi husimama juu ya majabali wakirusha vipande vya chuma king'aacho na kuvivuta upesi. Mambo kama haya hayakuwa yameandikwa vitabuni Smith alipokuwa kijana. Yalikuwa vichwani mwa wavuvi, na yeye alikwenda kuyachukua huko.

Vitabu vya samaki wa nchi yake vilikuwa vichache na vyenye makosa mengi. Aliamua kujifundisha mwenyewe. Mchana alifundisha kemia. Usiku na siku za likizo alihesabu magamba na miiba ya mapezi, akaandikiana barua na makumbusho madogo ya pwani, akiwaomba wamletee samaki wowote wasiowafahamu. Kuanzia mwaka wa 1931 alikuwa akiandika makala ya elimu juu ya samaki. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Katika mwaka wa 1938 alimwoa Bibi Margaret Mary Macdonald, aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye naye alijifunza kuchora samaki kwa usahihi hata michoro yake ikawa nusu ya kazi ya mumewe. Ni haki kusema kwamba pasingalikuwa na Bibi huyu, vitabu vya Profesa vingalikuwa vikavu na vichache.

Mwaka huo huo wa 1938, tarehe 22 Desemba, meli ya kukokota nyavu iitwayo Nerine, nahodha wake Hendrik Goosen, iliingia bandari ya East London. Nahodha alikuwa na desturi ya kumwarifu msichana mmoja wa makumbusho ya mji, Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, kila alipokuwa na samaki wa ajabu. Bibi huyo alikwenda, akafukua lundo la papa, na chini yake akaona pezi la buluu. Akamtoa samaki mwenye urefu wa mita moja na nusu, uzito wa kilo hamsini na saba hivi, mwenye magamba magumu kama silaha, na mapezi yaliyosimama juu ya vikono vyenye nyama, kama miguu mifupi. Hakuwahi kumwona wa namna hiyo. Wala hakuna mtu aliyekuwa amemwandika.

Taabu iliyompata Bibi Courtenay-Latimer inafaa kujulikana na kila anayedhani kwamba mambo makubwa hupatikana kwa urahisi. Dereva wa teksi alikataa kwanza kubeba samaki anayenuka. Chumba cha maiti cha mji kilikataa kumhifadhi. Barafu haikutosha, dawa haikutosha, na ilikuwa ni majira ya joto. Mwishowe ilibidi samaki achunwe ngozi na kujazwa na fundi, na matumbo yake yakatupwa. Kabla ya hayo aliandika barua kwa Smith na kutia mchoro mdogo wa kalamu. Barua ile iliandikwa tarehe 23 Desemba. Ikamfikia Smith huko Knysna tarehe 3 Januari, 1939, kwa sababu ya sikukuu na upole wa posta. Alipoutazama mchoro alishtuka. Samaki wa jamaa hii alikuwa akijulikana kwa alama zilizogeuka mawe tu, na watu wote wa elimu waliamini kwamba jamaa nzima ilikwisha duniani zaidi ya miaka milioni sitini na tano iliyopita. Alituma simu upesi, akiomba matumbo yahifadhiwe. Yalikuwa yamekwisha kupotea.

Alimwona samaki mwenyewe tarehe 16 Februari. Mwezi wa Machi habari zake zilichapishwa katika jarida la Nature la London, na Smith alimpa jina la Latimeria chalumnae: Latimeria kwa heshima ya Bibi Courtenay-Latimer, na chalumnae kwa sababu alivuliwa mbele ya mlango wa mto Chalumna. Sisi Waswahili leo humwita silikanti.

Wako wakubwa wa elimu Ulaya waliosema kwamba samaki huyu lazima awe mkaaji wa vilindi vya mwisho vya bahari, na kwamba alipotea njia tu. Smith alikataa. Alisema, kwa kuyaangalia magamba yale mazito, meno yale na mapezi yale, kwamba huyu ni mwindaji wa miambani, anayejibanza na kuvizia. Hiyo ilikuwa hoja ya mvuvi. Na kama ni samaki wa mwambani, basi yuko mahali fulani ambapo watu huvua kwa ndoana, na yuko mvuvi ambaye amekwisha kumwona.

Kazi ya kumtafuta ilichukua miaka kumi na minne. Vita Kuu ya Pili ilizuia kila kitu. Mwaka 1946 Smith, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, aliiacha kemia aliyoifundisha zaidi ya miaka ishirini, akashika elimu ya samaki peke yake. Kitabu chake kikubwa cha samaki wa bahari wa Afrika ya Kusini kilitoka mwaka 1949, nacho kilieleza zaidi ya aina 1,200. Pamoja na hayo alichapisha karatasi yenye picha ya silikanti, imeandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, ikiahidi pauni 100 kwa mtu atakayemleta mwingine. Karatasi hiyo ilisambazwa katika bandari na vijiji vya pwani ya Afrika ya Mashariki. Wako waliomcheka. Kumbe ndiyo iliyokuwa ndoana yake kubwa kuliko zote, na chambo chake kilikuwa pauni mia.

Kisha wakaanza safari. Bwana na Bibi Smith walizunguka pwani ya Msumbiji, wakati ule nchi ya Wareno. Bibi alijifunza Kireno kwa ajili hiyo. Walikwenda kaskazini kisiwa baada ya kisiwa, mpaka sehemu za Palma, ambayo si mbali na mlango wa Ruvuma. Mtu asimamaye katika ufuko wa Msimbati na kutazama kusini anatazama upande ambao Smith alifanyia kazi. Maji ni yale yale na miamba ni jamaa moja. Samaki hawajui mpaka.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo waandishi wengine hulipita kimya. Mvuvi huyu wa ndoana, alipotaka kupata samaki wa kila aina kwa ajili ya chupa zake, alitumia baruti. Alikuwa mkemia, alijua kuipima na kuilipua, na aliilipua juu ya miamba mingi ya Msumbiji. Alitumia na sumu pia. Sababu yake inajulikana: samaki wadogo wanaokaa ndani ya nyufa za mwamba hawashiki ndoana, wala nyavu haziwafikii, na asingaliwapata kwa njia nyingine katika muda mfupi. Alikuwa na ruhusa za serikali. Wakati ule, tena, watu wachache walifikiri kwamba mwamba unaweza kwisha. Aina zaidi ya mia tatu za samaki zisizojulikana zilipata majina kwa mkono wake, na baadhi yake kwa njia hiyo.

Lakini sisi wa Mtwara tunaijua baruti kwa uso mwingine. Tulimwona mvuvi aliyepoteza kiganja. Tuliona mwamba uliokuwa bustani umegeuka kifusi cheupe, ambapo hata kichanga cha samaki hakipati pa kujificha. Sheria ya nchi yetu iliyakataza mambo haya tangu mwaka 1970, na bado milipuko ilisikika miaka mingi baadaye. Katika miaka ya 1990 wanavijiji wa pwani ya Mtwara na Lindi wenyewe walisimama kuipinga, na mwaka 2000 Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa. Kwa hiyo mimi siwezi kumsifu Profesa kwa jambo hili, ingawa sitaki kumweka kundi moja na mtu alipuaye mwamba kwa kilo chache za kuuza. Huyu wa pili huharibu na hajifunzi kitu. Yule wa kwanza alijifunza, akaandika, akatufundisha; lakini mwamba hauulizi sababu ya kupigwa. La kustaajabisha ni kwamba samaki aliyemtafuta kwa miaka kumi na minne hakupatikana kwa baruti hata moja.

Mwaka 1952 Bwana na Bibi Smith walikuwa Unguja, Pemba na pwani ya Kenya. Huko Unguja Bibi Smith alizungumza na nahodha mmoja Mwingereza, Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara kwa jahazi lake kati ya Afrika ya Mashariki na visiwa vya Ngazija. Bibi alimpa fungu la karatasi zile za pauni mia. Hunt alizichukua akazigawa visiwani.

Usiku wa tarehe 20 Desemba, 1952, mvuvi aitwaye Ahamadi Abdallah, wa Domoni katika kisiwa cha Anjouan, ambacho wenyewe hukiita Nzwani, alikuwa baharini na ngalawa yake. Desturi ya wavuvi wa visiwa vile ni kuvua usiku kwa mshipi mrefu, mahali ambapo ukingo wa kisiwa huporomoka ghafula kilindini. Jiwe hufungwa kwa fundo jepesi ili kuipeleka ndoana chini. Likifika, mvuvi huvuta kwa nguvu, fundo likafunguka, jiwe likabaki, na chambo kikaelea huru. Ni mbinu ya mtu asiye na fedha ya kununua risasi, nayo ni nzuri kupita nyingi. Ahamadi alivuta samaki mkubwa. Kwake hakuwa mgeni: watu wa kule walimwita gombessa, na nyama yake haikupendwa sana.

Asubuhi alimpeleka sokoni. Angalikatwa vipande pale pale kama mwalimu wa shule, jina lake Affane Mohamed, asingalimwona na kuikumbuka ile karatasi. Mwalimu huyo alizuia kisu. Kisha samaki alibebwa kuvuka milima ya kisiwa, safari ya karibu kilometa arobaini kwenye joto, mpaka Mutsamudu, jahazi la Hunt lilipokuwa limetia nanga. Hunt alimtia chumvi, akatafuta formalini akamdunga, akatuma simu.

Vitabu vingi humtaja Ahamadi kwa mstari mmoja na kupita, na mwalimu Affane hutajwa mara chache zaidi. Naona si haki. Mmoja alimtoa samaki majini, wa pili alimtoa chini ya kisu, na bila ya hao wawili hakuna ndege ambayo ingaliruka.

Simu ilimkuta Smith bandarini Durban, ndani ya meli Dunnottar Castle, mkesha wa Krismasi. Alikuwa akirudi nyumbani, amechoka. Samaki yuko maili nyingi kaskazini, joto ni kali, na yeye anakumbuka matumbo yaliyotupwa mwaka 1938. Maofisi yamefungwa kwa sikukuu. Baada ya kugonga milango mingi alipata kusema kwa simu na Waziri Mkuu mwenyewe, Daktari D. F. Malan. Huyu alikuwa mkuu wa serikali iliyoingia mwaka 1948 na kuufanya ubaguzi wa rangi kuwa sheria ya nchi. Watu wetu hawana sababu ya kumkumbuka kwa wema. Alikuwa pia mchungaji wa kanisa ambalo halikupenda habari za viumbe wa kale kubadilika. Hata hivyo aliagiza ndege ya jeshi aina ya Dakota impeleke Profesa.

Ndege ililala Lumbo, Msumbiji, na tarehe 29 Desemba ikatua Pamanzi, karibu na Dzaoudzi. Smith alishuka akaenda moja kwa moja jahazini. Sanduku lilifunguliwa, pamba ikaondolewa. Alipiga magoti, akamgusa samaki, akalia machozi mbele ya watu wote, wala hakuona haya. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano, na mwili wake ulikuwa na maumivu ya homa aliyoipata vitani huku kwetu zaidi ya miaka thelathini kabla.

Ahamadi alilipwa pauni zake 100. Samaki alipelekwa kusini kwa ndege ile ile, akaonyeshwa Waziri Mkuu, na Smith akampa jina jipya, Malania anjouanae, kwa sababu pezi lake la kwanza la mgongoni halikuwapo, naye akadhani ni jamaa mwingine. Haikuwa hivyo. Pezi lilikuwa limepotea tu, labda kwa jeraha la zamani, na jina la Malania limefutwa katika elimu. Wote ni Latimeria. Wafaransa, ambao ndio waliotawala visiwa wakati ule, walikasirika kwa samaki kuchukuliwa hivyo, wakawazuia wageni kumtafuta tena. Nahodha Hunt alipotea baharini mwaka 1956. Mwaka huo huo Smith alitoa kitabu cha habari hizi kiitwacho Old Fourlegs, yaani Mzee Miguu Minne, ambacho kilisomwa katika nchi nyingi.

Smith aliendelea kufanya kazi bila kupumzika, akiandika juu ya samaki wa Shelisheli na wa bahari yote hii ya magharibi ya Hindi, mpaka alipofariki Grahamstown mwezi wa Januari, 1968. Bibi Margaret hakukaa kuomboleza tu. Alisimamisha chuo cha elimu ya samaki kwa jina la mumewe, akakiongoza miaka mingi. Yeye alifariki mwaka 1987. Chuo hicho kingali kipo mjini Grahamstown, ambao siku hizi huitwa Makhanda, ingawa na chenyewe kimebadilishwa jina.

Hoja yake ya mwambani ilithibitishwa baada ya kufa kwake. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka kwa chombo cha kuzamia huko Ngazija, akawaona silikanti walio hai; baadaye walionekana mchana wamejibanza katika mapango ya mteremko, kina cha mita mia mbili hivi. Si vilindi vya mwisho, wala si maji mafupi. Usiku hutoka kuwinda wakielea polepole. Imejulikana pia kwamba silikanti hatagi mayai bali huzaa watoto hai, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba aweza kuishi karibu miaka mia, na mimba yake huchukua kama miaka mitano. Samaki wa namna hiyo akipungua, hawezi kuongezeka upesi.

Tena ametokea kwetu. Kuanzia mwaka 2003 silikanti walivuliwa katika maji ya Tanzania, kwanza upande wa Songo Mnara, Kilwa, kisha kwa makumi katika pwani ya Tanga, ambako hifadhi ya bahari kwa ajili yake ilitangazwa mwaka 2009. Hawa hawakushika ndoana. Wengi walinaswa na majarife ya papa, yaliyoshushwa kilindini kwa sababu samaki wa maji mafupi walikuwa wamepungua.